Sampu isiwe ya kwanza kugusa lami

Swali: Ninaishi Riverside, California. Nimejenga hotrodi (gari la zamani lililoshushwa na kuwekewa injini yenye nguvu) ya Ford Model A ya 1930 yenye injini ya Chevrolet 350, ekseli ya mbele iliyoshushwa inchi 4 na tairi za mbele za 165R15. Gari likiwa limeegeshwa, sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, iko inchi 4 na nusu kutoka ardhini. Imeshagonga tuta la maegesho ya duka, na ikagonga tena kwenye mteremko wa kuingilia nyumbani kwa rafiki. Oili haivuji. Kwetu Tanga kila gari tulilifunga sampu gadi, bamba la kukinga sampu. Je, nifunge bamba la chuma la milimita 6 chini ya sampu, ninunue sampu fupi ya alumini, au nilinyanyue gari? Sitaki kupoteza mwonekano wake.

Jibu:

Hongera kwa kazi, ndugu. Kabla hatujafika kwenye sampu gadi, nakuomba gari hilo lisiwashwe tena mpaka sampu ifunguliwe. Kutovuja hakukuhakikishii chochote. Sampu ya asili ya 350 ni bati la chuma. Likigongwa halipasuki, linabonyea kwenda juu, na hapo juu yake ndipo ilipo strena, kile kichujio kinachonyonya oili na kuipeleka kwenye pampu. Nafasi kati ya strena na sakafu ya sampu ni milimita 6 hadi 10 tu. Tuta likiibonyeza sakafu kwa milimita 7, strena inakuwa imelalia bati na mdomo wake umezibwa.

Ubaya wa tatizo hili ni kwamba halijitangazi. Injini ikiunguruma gari limesimama, inahitaji oili kidogo, kwa hiyo presha kwenye geji inaonekana njema kabisa. Ukiingia barabara kuu na mizunguko ikapanda, pampu inataka oili nyingi na haiipati. Kwa injini hizi mafundi wengi hutarajia takriban psi 10 (pauni 10 kwa kila inchi ya mraba) kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Kama geji yako ilizoea kusoma 50 kwenye mizunguko 3,000 na sasa inagota 25, basi beringi za krankishafti zimeshaanza kulipia lile tuta la dukani. Na kama huna geji ya presha bali taa peke yake, weka geji. Taa huwaka presha ikiwa imeshaanguka sana, na wakati huo huna la kuokoa.

Sampu ikishatoka, igeuze na ulaze rula bapa juu ya sakafu yake. Utaona mwanga unapita wapi na kwa kiasi gani. Bonyeo dogo pembeni, mbali na strena, si kitu. Bonyeo la chini ya strena linyooshwe kwa nyundo ya mpira na kigogo kwa ndani, kisha lichunguzwe kama mshono wa kuchomelea haukufunguka. Halafu fanya kipimo cha udongo: chukua udongo laini ule wa watoto wa kuchezea, fanya tonge, libandike chini ya strena, rudisha sampu pamoja na gasketi yake na ukaze boliti chache. Fungua tena. Ulikate lile tonge kwa wembe na upime unene wake. Liwe kati ya milimita 6 na 10. Chini ya hapo strena inakabwa. Likiwa nene sana, ukifunga breki kali oili inakimbilia mbele na strena inanyonya hewa. Ukiwa humo humo, itikise strena kwa mkono. Kwenye 350 bomba lake limeshindiliwa tu kwenye pampu, na pigo kutoka chini linaweza kulilegeza. Mafundi makini hulidungia nukta ya kuchomelea, na kabla ya hapo huitoa springi iliyomo ndani ya pampu ili joto lisiiharibu.

Sasa sampu gadi. Ninaelewa wazo lako lilikotoka, na kwa barabara za kwetu ni wazo zuri. Lakini angalia sampu gadi ya Corolla kule Tanga inapambana na nini: jiwe linalorushwa na tairi, kisiki, tuta la udongo katikati ya njia ya magurudumu. Mara nyingi gari lenyewe liko juu ya kutosha, na kinachokuja ni kitu kilichojitokeza. Bamba hukikwepesha na safari inaendelea. Hotrodi yako haishambuliwi na kitu kigeni. Inashuka yenyewe, kwa uzito wake, juu ya lami ambayo haitembei. Ukiongeza bamba la milimita 6, na nafasi ya milimita 12 kati ya bamba na sampu ili vikigongana visiumizane, umekula milimita 18 za nafasi ambayo hukuwa nayo. Lililokuwa linagusa mara moja kwa mwezi litagusa kila siku. Bamba litastahimili, lakini kila pigo litaingia kwenye chesisi.

Ndiyo maana msimamo wangu kwa gari zilizoshushwa ni huu: sampu hulindwa kwanza na mahali ilipo, na chuma huja mwisho. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba kuna kitu kingine, chenye nguvu na kilichofungwa kwenye chesisi, kinachogusa lami kabla yake.

Ili ufike hapo lazima upime upya, kwa sababu ile inchi 4 na nusu uliyonipa ni ya gari lililolala. Weka upepo sahihi kwenye tairi, jaza tangi, wakalishe watu wawili ndani, kisha pima. Halafu shusha sehemu ya mbele ya gari mpaka springi ifikie raba yake ya kikomo. Wanaume wawili wakalie chesisi mbele, au tumia mkanda wa kufungia mizigo ukivuta kwenye pete iliyo sakafuni. Pima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo nafasi ambayo springi yako inaweza kukunyang'anya wakati wowote. Kwenye Model A yenye springi moja ya kukingama mbele, kupoteza inchi moja na nusu ni jambo la kawaida kabisa. Kwa hiyo gari lako huenda ni la inchi 3, na hukulijua.

Liingize sasa kwenye tuta. Matuta ya maegesho ni mafupi na makali, mengi yana kimo cha inchi 3 hadi 4. Urefu kati ya ekseli na ekseli wa Model A ni inchi 103 na nusu, yaani mita 2.63, kwa hiyo tuta lote linaenea katikati ya magurudumu. Magurudumu ya mbele yakishavuka, gari zima liko usawa wa lami ya kawaida na tuta lipo chini ya tumbo. Inchi 4 na nusu toa 3 na nusu: umebakiwa na inchi moja. Na wakati huo huo magurudumu ya mbele ndiyo yametoka kudondoka, springi imeminywa, pua imeinama. Inchi ile moja haipo. Watu wengi hudhani wamegonga wakati wa kupanda tuta, kumbe mlio hutokea baada ya magurudumu ya mbele kushuka. Sampu ikishakaguliwa na kurudishwa, mwambie rafiki yako asimame pembeni ya tuta la dukani na simu, arekodi chini ya gari ukipita polepole. Video ya sekunde chache itakuonyesha zaidi ya maneno yangu yote haya.

Njia nyingine ninayoipenda ni rangi. Paka rangi nyeupe ya kopo chini ya sampu, chini ya krosimemba (boriti inayokatiza chesisi), chini ya kifuniko cha flaiwili (gurudumu zito lililo nyuma ya krankishafti), sampu ya gia boksi na mabomba ya ekzosti. Endesha wiki nzima njia zako za kawaida. Kisha lala chini uangalie mikwaruzo. Mikwaruzo mirefu ya mbele kwenda nyuma ni kusugua tu. Alama fupi yenye bonyeo ni pigo la kushuka kutoka juu. Kila aina ina dawa yake, nami nitazigusa zote mbili.

Kuna kipimo kingine wajenzi wa hotrodi wa Marekani wanakiheshimu sana, nacho ni mstari wa rimu. Piga picha tairi moja ya mbele imepasuka ghafla. Gari linaangukia rimu. Je, kuna kitu kitakachochimba lami? Vuta uzi kutoka chini ya rimu upande mmoja hadi pale tairi ya upande wa pili inapokanyaga ardhi, kisha fanya hivyo kinyume chake. Kitu chochote cha chesisi, usukani au breki kinachoning'inia chini ya nyuzi hizo ni hatari ya maisha. Kwa tairi zako za 165R15 zenye uzito juu yake, ukingo wa chini wa rimu uko karibu sentimita 10 kutoka ardhini, na katikati ya gari uzi unapita kwenye sentimita 5 hivi. Sampu yako inafaulu mtihani huu bila shida. Hiyo haimaanishi kwamba iko salama kwenye matuta. Mtihani huu unahusu kutokufa tairi ikipasuka, wala haukupangiwa kulinda oili. Kwako wewe naomba uangalie zaidi tairodi (fito la usukani linalounganisha magurudumu ya mbele) na mikono inayoshika ekseli, maana kwenye ekseli iliyoshushwa hivyo ndivyo hutangulia kuvuka mstari.

Kwa kuwa uko California, ujue pia historia ya sheria. Kuanzia 1958 sheria ya magari ya jimbo hilo, kifungu cha 24008, ilikataza gari lililobadilishwa kuwa na sehemu yoyote, isipokuwa magurudumu, iliyo chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Ni sheria hiyo iliyomfanya Ron Aguirre, kijana wa huko huko kwenu upande wa San Bernardino, aifunge Corvette yake pampu za haidroliki za ndege ili ainyanyue polisi wakitokea. Kifungu hicho kilifutwa na muswada wa AB 436 uliotiwa saini 2023, na tangu Januari 1, 2024 hakipo tena. Kwa hiyo polisi hatakusimamisha kwa kimo peke yake. Ukisafiri kwenda jimbo lingine, angalia sheria ya huko.

Tuje kwenye kupata nafasi bila kuharibu sura. Kinachofanya hotrodi ionekane imelala chini ni bodi kuliko chesisi. Bodi ikikatwa sakafu na kuteremshwa juu ya chesisi, gari linaonekana limezama wakati sampu haijasogea hata milimita moja. Paa likipunguzwa kimo, ni vivyo hivyo. Lakini chesisi ikishushwa juu ya ekseli, sampu inashuka nayo. Kwa gari ambalo limekwisha kujengwa sikushauri uanze kukata bodi. Nakueleza ili ujue kwamba inchi moja ikiongezwa chini, jicho la mtazamaji halitaiona kama unavyohofia.

Inchi hiyo naanzia kwenye tairi. Ukiweka 185R15 badala ya 165R15, kimo cha tairi kinaongezeka takriban milimita 32, nusu yake inakwenda chini ya ekseli: milimita 16. Tairi ndilo badiliko pekee linaloinua kila kitu, pamoja na ekseli na tairodi. Hakikisha tu haligusi mikono ya ekseli ukikata kona hadi mwisho. Kisha angalia springi. Kama jani kuu ni la aina iliyogeuzwa macho (yale matundu ya nchani), nalo limekushusha, mbali na ekseli yenyewe; kuongeza jani moja kutakupa kimo kidogo, na muhimu zaidi kutapunguza ile inchi na nusu inayopotea springi ikiminywa. Shokapu zilizochoka nazo zinahusika, kwa sababu ndizo zinazoachia pua idondoke baada ya tuta.

Halafu injini yenyewe. Inua mauntingi (vishikizo vya injini) za mbele kwa vipande vya milimita 12 hadi 20, na mauntingi ya gia boksi kwa kiasi hicho hicho, ili pembe ya propela shafti isibadilike. Watu huinua mbele peke yake, na hapo sampu ya 350 haifaidiki ipasavyo, maana tumbo lake la oili liko sehemu ya nyuma ya injini, nusu ya safari kuelekea mauntingi ya gia boksi. Weka kipima pembe juu ya injini: ikiwa imeinama nyuma digrii 5, wakati wengi hulenga 3 hivi, basi kuinua mkia wa gia boksi pekee kutapandisha sampu, mradi urekebishe na pembe ya difu. Baada ya kuinua kagua feni dhidi ya rejeta, mabomba ya ekzosti dhidi ya sakafu, lever ya gia, na boneti kama unayo.

Sampu fupi ni ununuzi mzuri kwa sharti kwamba unajua unachokinunua. 350 ya asili hubeba kwati 5 pamoja na filta, karibu lita 4.7. Ukifupisha sampu kwa inchi moja bila kuipanua pembeni, oili haina pa kukaa. Au unaipunguza na injini inanyonya hewa kwenye kona, au unaiacha juu na krankishafti inaipiga mpaka inatoa povu. Tafuta yenye mbavu zilizotanuka kushoto na kulia, na vizuizi ndani vya kuzuia oili isikimbie. Nunua strena ya sampu hiyo hiyo, usiihamishe ya zamani, na rudia kipimo cha udongo. Kabla hujalipa, ijue injini yako ya mwaka gani: kabla ya 1980 kijiti cha oili huingilia upande wa dereva, kuanzia 1980 upande wa abiria, na kuanzia 1986 sili ya nyuma ya krankishafti ni ya kipande kimoja na sampu yake ni tofauti. Ukishaifunga, mimina kiasi halisi cha oili ulichoelekezwa, subiri ishuke, kisha uchore alama mpya kwenye kijiti. Alama ya zamani itakudanganya.

Kuhusu alumini ya kumiminwa, kwa gari linalogusa lami mimi siipendi. Chuma hubonyea, na ukarudi nyumbani. Alumini ya kumiminwa huvumilia mpaka inapasuka, na ikipasuka kwenye barabara kuu oili yote inamwagika kabla hujaona geji. Kwako nachagua bati la chuma lililochomelewa vizuri. Mfumo wa sampu kavu, wenye tangi la pembeni na pampu ya mkanda, huondoa tatizo lote, lakini ni gharama ya gari la mashindano na matengenezo ya kudumu. Achana nao.

Ukikuta bado panagusa baada ya hayo yote, hapo ndipo chuma kinapoingia, na nisingetumia bamba. Tengeneza reli mbili za bomba la chuma la inchi 1 lenye ukuta wa milimita 3, moja kila upande wa tumbo la sampu, zitoke kwenye krosimemba ya mbele mpaka kwenye krosimemba ya gia boksi. Zikae milimita 10 chini ya sakafu ya sampu. Ncha za mbele zipinde kwenda juu taratibu ili zipande tuta badala ya kuligonga, na ncha za nyuma vivyo hivyo, kwa sababu mteremko wa nyumbani kwa rafiki unautoka kwa kurudi nyuma. Zifunge kwa boliti, usizichomelee, ili siku ya kushusha sampu zitoke. Reli zinaacha hewa ipite kwenye sampu na kizibo cha oili kifikike, na hukopa nafasi ndogo kuliko bamba kwa sababu hazipiti chini ya tumbo bali kando yake. Usikubali fundi akuchomelee mbavu moja kwa moja kwenye sampu, na usitumie boliti za sampu kushikilia kinga yoyote: pigo litapanda mpaka kwenye gasketi na bloku.

Jambo moja watu hulisahau: sampu ikishapanda, kitu kingine ndicho kinakuwa cha chini. Mara nyingi ni kifuniko cha flaiwili. 350 ina flaiwili za aina mbili, ya meno 153 na ya meno 168, na ile ndogo inapunguza zaidi ya inchi moja ya kipenyo. Kama yako ni kubwa, weka mpango wa kuibadilisha siku krachi itakapofunguliwa, ukikumbuka kwamba na stata lazima ilingane nayo.

Kwenye tuta, punguza mwendo mapema, kisha achia breki kabisa kabla magurudumu ya mbele hayajapanda, kwa kuwa breki huinamisha pua pale unapoihitaji iwe juu. Lishuke tuta kwa mwendo wa mtembea kwa miguu. Mteremko wa kuingilia nyumba uupande kwa mshazari, gurudumu moja likitangulia.

Ukishafungua sampu, niandikie vipimo vitatu: unene wa tonge la udongo, kimo cha sampu watu wakiwa ndani ya gari, na kimo chake springi ikiwa imefika kikomo. Nikiwa navyo nitaweza kukuambia kama tairi na springi vinatosha, au kama injini inahitaji kupanda.